Vivuli Tisa Ubaoni

Mama Dirisha wa nyumba ya pili anadai aliziona bisibisi za wizi kwa macho yake mawili. Anasema ilikuwa Jumamosi, jua la alasiri, yeye yuko dirishani anakunja nguo, akamwona Fundi Taratibu anarudi kutoka kazini na kitu kirefu kimeviringishwa kwenye karatasi, amekibana kwapani kama aliyebeba bunduki. Anasema alimsalimu, Fundi akaitikia bila kusimama, na hilo peke yake lilitosha. "Tangu lini mtu yule akanipita bila kuuliza hali ya miguu yangu?" Ndani ya karatasi, anasema, zilikuwamo bisibisi tisa za kampuni, mpya, za nje, na kabla jua halijazama zilikuwa zimeshauzwa kwa mafundi wa pikipiki. Ukimwuliza ni fundi gani aliyezinunua, anasema hayo sasa ni ya polisi, yeye hapendi umbea.

Katika maneno yote hayo, moja ni kweli. Fundi Taratibu alipita pale Jumamosi na karatasi ndefu kwapani, na hakusimama. Lakini ndani ya karatasi hamkuwa na kitu. Karatasi yenyewe ndiyo ilikuwa mzigo.

* * *

Alhamisi ya wiki hiyo Meneja wa kiwanda cha kufulia alikuwa amemwambia Fundi akachague seti nzuri ya bisibisi za nyota, maana za zamani zilikuwa zimelika hadi ncha zikawa mviringo. Kiwanda kinafua mashuka ya hospitali na ya hoteli kwa mashine sita kubwa, na kila mfuniko wa mashine umeshikwa na skrubu zenye tundu la nyota ya pembe sita. Siyo ile ya msalaba ambayo kila nyumba inayo kwenye droo. Hii ya pembe sita haitaki kubahatisha. Bisibisi ikipungua kidogo tu, au ncha yake ikiwa ya chuma laini, inazunguka ndani ya tundu na kulisaga, na skrubu ikishasagwa haitoki ila kwa kutobolewa na drili.

Fundi alikwenda dukani na binti yake. Binti naye ni wa kiwanda hicho hicho, anapiga pasi mashuka, na siku ile alikuwa mapumziko. Macho yake yanasoma namba ndogo ambazo macho ya baba yake yameshazikataa. Fundi alibeba kopo la dawa ya kifua lenye skrubu ndani, moja kutoka kila mashine, na kipande cha sabuni ya kufulia.

"Sabuni ya nini tena, mzee?" mwenye duka la vifaa aliuliza. "Hapa hatuogi."

"Mkono wangu kazini hauna siku umekauka, kaka. Nataka nijue ukiloa na povu, mpini unashika au unakimbia."

Mwenye duka akacheka, akatoa seti ya kwanza, inayong'aa kama vijiko vya harusi. "Hii ndiyo inatoka sana."

Fundi akachukua ile ya namba ishirini, akabandika skrubu kwenye ncha, akaigeuza ikatazama chini. Skrubu ikaanguka juu ya kioo cha kaunta, ting.

"Imeaga," Fundi akasema, akairudisha.

Seti ya pili iliishika skrubu, lakini alipoitikisa ikawa inacheza. "Jino la mtoto hilo." Ya tatu ilishika vizuri, ila chuma chake kiliishia katikati ya mpini wa plastiki. Fundi akaigeuza, akagusa kitako chake kwa kucha, akatikisa kichwa.

"Sasa hiyo ina kosa gani?"

"Haigongeki. Skrubu ikishika kutu unaigonga kwanza kwa nyundo ndipo isikie. Hii nikiigonga, mpini unapasuka, chuma kinabaki kinanitazama."

Mwenye duka akashusha pumzi, akapanda kwenye kigoda, akateremsha seti ya nne kutoka rafu ya juu ya kabati la kioo. Ncha zake zilikuwa nyeusi, kingo zake kali. Chuma kilikuwa kirefu, kimepita ndani ya mpini mpaka nyuma na kumalizikia kwa kofia ya chuma, na shingoni palikuwa na pembe sita za kukamatia spana. Binti alisoma namba mpini kwa mpini, kuanzia nane hadi arobaini, zote tisa. Skrubu ilining'inia kwenye ncha, kichwa juu chini, na Fundi alipoitikisa haikutoka. Akaomba maji kidogo, akasugua sabuni kiganjani hadi povu likatoka, akaushika mpini wa namba ishirini na kuukaza kwa nguvu zote huku mkono wa pili umebana chuma. Mpini ulikuwa na mifereji. Haukuteleza.

"Hii," akasema.

Bei yake ilikuwa mara nne ya ile inayong'aa.

"Umenimaliza, mzee wangu," mwenye duka alisema. "Lakini lazima niseme, unajua kuchagua. Mkeo naye ulimning'iniza hivyo?"

"Mke alinichagua yeye. Mimi najua bisibisi tu."

Wote watatu wakacheka. Kisha Fundi akaomba karatasi ya kufungia mizigo, akazilaza bisibisi zote tisa juu yake, akazizungushia penseli moja moja.

"Sasa unazipiga picha za pasipoti?"

"Za ubaoni," Fundi akajibu, bila kuinua kichwa.

Hela hakuwa nayo. Kampuni haimpi fundi hela mkononi. Fundi anachagua, mnunuzi wa kampuni ndiye anayekuja na hundi. Mwenye duka akairudisha seti rafu ya juu, kwenye kabati la kioo, akafunga kwa ufunguo.

* * *

Kwenye karakana ya kiwanda kuna ubao mkubwa wa rangi ya krimu. Kila kifaa kina msumari wake, na nyuma ya msumari kuna kivuli cha kifaa hicho kilichopakwa rangi nyeusi, umbo lile lile, urefu ule ule. Jioni ukitazama ubao unajua mara moja kilichopotea, maana kivuli kinabaki peke yake. Vivuli vyote vile ni kazi ya Fundi. Miaka kumi na tisa hakijapotea hata kipimio cha waya.

Kawaida kifaa kinakuja kwanza, ndipo kivuli. Safari hii Fundi hakungoja. Jumamosi, baada ya mashine kuzimwa, alibandika karatasi yake ya dukani ubaoni, akafuata alama za penseli, akapaka vivuli tisa virefu. Wapiga pasi walipita wakamkuta amechuchumaa, ulimi nje kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Fundi!" akaita msimamizi wao, mwanamke mmoja mnene wanayemwita Kicheko. "Unashona nguo za mtoto na mimba bado?"

"Mimba ipo, mama. Iko kwenye kabati la kioo."

Walicheka hadi getini. Yeye akaviringisha karatasi yake, akaibana kwapani, akaenda nyumbani. Rangi ilikuwa imemkauka kwenye vidole, na alikuwa na haraka ya kuitoa kwa mafuta ya taa kabla mkewe hajaiona kwenye taulo. Ndiyo maana hakusimama kuuliza hali ya miguu ya mtu.

* * *

Jumanne mnunuzi wa kampuni aliingia karakana na kiboksi. Wanamwita Bwana Risiti, kwa kuwa hakuna siku utamkuta hana karatasi mfukoni. Fundi alifungua kiboksi.

Zilikuwa zile zinazong'aa.

"Hizi sizo, Bwana Risiti."

"Sizo vipi? Ni bisibisi za nyota, ni tisa. Hesabu."

"Kuhesabu najua. Nilizochagua mimi zina ncha nyeusi, chuma kirefu. Hizi hata ubaoni hazifiki. Tazama." Akatundika moja kwenye msumari wake. Kivuli kilichomoza chini yake, urefu wa kidole kizima.

"Kwa hiyo kampuni inunue vifaa vya kujaza michoro yako?" Bwana Risiti akatabasamu. "Saini hapa, Fundi wangu. Mashine namba tatu inapiga kelele, skrubu zake utazilegeza kwa vidole? Saini, ufanye kazi. Nikirudi mjini wiki ijayo nitazibadilisha."

Karatasi ilisema: seti moja ya bisibisi za nyota, vipande tisa, imepokelewa. Haikusema rangi ya ncha wala urefu. Na bila saini hakuna kifaa kinachopanda ubaoni, hiyo ndiyo sheria ya karakana, na sheria hiyo aliyeiweka ni Fundi mwenyewe. Akasaini.

Wiki iliyofuata Bwana Risiti hakwenda mjini. Mashine namba tatu nayo haikungoja. Jumatatu asubuhi Fundi alilala chali chini ya mfuniko wake, mikono ina povu, akatumia ile ya namba ishirini. Skrubu ya kwanza ilitoka. Ya pili ikasagwa. Kwenye ya tatu alikandamiza kwa uzito wake wote, na ncha ikakatika kama biskuti. Chuma kilichobaki kikateleza juu ya mfuniko na kumwingia kwenye kiganja cha kushoto, chini ya dole gumba, kikatokea upande wa pili.

Waliokuwapo wanasema hakupiga kelele. Alisema tu, "Nilisema."

* * *

Mashine namba tatu ilisimama. Kufikia Jumatano mashuka ya hospitali yalikuwa yamerundikana hadi dirishani, na hospitali ilikuwa imepiga simu mara mbili. Meneja alishuka karakana mwenyewe, jambo analolifanya mara moja kwa mwaka. Fundi alikuwa amesimama kando ya ubao, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kifundo.

Meneja alitazama bisibisi fupi. Akatazama vivuli virefu. Akamwita Bwana Risiti, akachukua risiti kutoka mkononi mwake na kuisoma kwa sauti: ncha nyeusi, chuma kirefu, mpini wa kugongeka, vipande tisa. Bei yake ilikuwa ile ile, mara nne.

"Risiti inasema ndefu," Meneja akasema. "Ubao wako unasema ndefu. Saini yako inasema ulizipokea. Sasa hizi fupi zimetoka wapi, Fundi?"

"Ndizo zilizoletwa, bosi."

"Na vivuli?"

"Vivuli nilichora kabla hazijaja. Nilizipima dukani."

Bwana Risiti akacheka kwa pua. "Bosi, umewahi kuona kivuli cha kitu ambacho hakipo?"

Waliokuwa karibu wakacheka kidogo, wengine bila kutaka. Meneja hakucheka. Alikuwa na hospitali kwenye simu na alihitaji jina la mtu. "Nani alimwona akichora kabla ya vifaa kuja?" akauliza, akiwageukia wapiga pasi waliokusanyika mlangoni.

Kicheko alikuwa mbele kabisa. Aliinamia shuka alilolishika, akatafuta mshono wake kana kwamba mshono ule umetoroka. Aliyekuwa nyuma yake akakumbuka kuwa pasi yake iko motoni. Watu kumi na mmoja walikuwa wamecheka Jumamosi ile hadi getini, na sasa hapakuwa na hata mmoja aliyepita njia hiyo.

"Mimi nilikuwapo, bosi," binti akasema. "Dukani pia nilikuwapo. Namba nilizisoma mimi."

"Wewe si mwanawe?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi nyamaza, nawe uendelee kuwa na kazi."

Fundi akasogea hatua moja. Wanaomfahamu wanasema hawajawahi kumwona akisogea haraka namna ile. "Bosi, pigeni simu dukani. Mwulizeni mwenye duka, seti ya rafu ya juu iko wapi. Ni neno moja tu."

"Mimi nipige simu kwenye duka la misumari kuulizia bisibisi?" Meneja akakunja risiti. "Una mpaka Ijumaa saa sita mchana. Rudisha seti ya kampuni. Usipoirudisha, kazi huna, na polisi watakuuliza wao."

* * *

Alhamisi walinzi wawili wa kiwanda walikuja nyumbani kupekua, na Mama Dirisha akatoka nje kabisa, na kiti chake.

Nyumba ni vyumba viwili. Walianza na sanduku la chini ya kitanda, wakatoa nguo za mkewe moja moja na kuzikung'uta, na zile ambazo mwanamke hapendi zionwe na mtu walizikung'uta mara mbili. Walichoma unga kwa fimbo hadi chini ya debe. Waliinua jiko. Mlinzi mkubwa, ambaye Fundi alimtengenezea redio yake bure mwaka jana, alikuwa anasema "samahani, shemeji" kila anapogusa kitu, na bado anakigusa.

"Samahani yako iweke mfukoni," mkewe akamwambia. "Mmeshachafua unga wa wiki nzima kwa fimbo ya kufukuzia mbwa. Nani ataula? Mtarudi kuula nyinyi?"

"Ni kazi, shemeji."

"Na yeye alikuwa na kazi! Miaka kumi na tisa! Ametobolewa mkono na takataka mlizomletea, hakuna aliyekuja hata na chungwa. Leo mmekuja wawili, na fimbo."

Chumba cha pili analala bibi, mama yake Fundi, ambaye miguu yake ilishakataa kazi. Walimwomba asogee. Hakuweza. Ikabidi wambebe, mmoja mabega mmoja miguu, wakamweka kwenye kiti cha plastiki akiwa na gauni la kulalia, mlango wazi, mtaa mzima unatazama ndani.

"Angalieni na mdomoni, wanangu," bibi akasema, akaupanua. "Meno yalishaondoka, nafasi ipo."

Chini ya godoro lake waliikuta ile karatasi. Fundi alikuwa ameitandaza pale ili isijikunje. Mlinzi mdogo aliiinua kwenye mwanga, akaona michoro tisa ya penseli, akaitupa kitandani. "Karatasi tu."

"Hiyo ndiyo aliyokuwa ameibeba Jumamosi," binti akasema. Alikuwa amesimama pembeni muda wote, anatazama tu, kama kawaida yake, akisubiri mtu amalize ndipo aseme. "Mama Dirisha anasema alimwona na bisibisi Jumamosi. Saini ya kupokea ni ya Jumanne. Ataibaje Jumamosi kitu kilichoingia kiwandani Jumanne?"

Mlinzi mkubwa akafikiri. Ulimwona kabisa anafikiri, midomo yake ikihesabu siku. Kisha akatazama nje, akamwona Mama Dirisha kwenye kiti, akaona watu.

"Hesabu hizo mpelekee Meneja, mwanangu. Sisi tumetumwa kutafuta, hatukutumwa kufikiri."

Wakaondoka. Bibi walimwacha kwenye kiti.

Fundi alikuwa uani muda wote huo, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, mkono wake ukiwa umevimba ndani ya bendeji. Mkewe alimwendea na kusimama mbele yake.

"Utakaa hapo mpaka lini? Nenda dukani! Mshike yule mtu shati, umlete mbele ya Meneja!"

"Nikienda mimi watasema nimekwenda kupanga uongo."

"Na usipokwenda watasema nini? Kwamba wewe ni malaika?"

Fundi aliangalia vidole vyake. Rangi nyeusi bado ilikuwa kwenye kucha. "Kosa ni langu, mke wangu. Nilifurahi mapema. Mtu mzima naona bisibisi nzuri, nafurahi kama nimepewa mtoto."

Mkewe alitaka kusema neno kali, na alikuwa nalo tayari. Akalimeza. Alikwenda kuchunga unga.

* * *

Ijumaa binti alifika dukani mlango ukifunguliwa. Zamu yake ilikuwa inaanza saa moja na alijua atakatwa siku, pengine na kazi yenyewe. Alikuwa amevaa sare ya kiwanda, karatasi ya baba yake kwapani, na kalamu.

Aliiona ile seti kabla hata ya kusalimu. Ilikuwa rafu ya juu, nyuma ya kioo, pale pale ilipowekwa. Mipini tisa imepangwa mdogo hadi mkubwa. Kwenye mifereji ya mpini wa namba ishirini palikuwa na kitu cheupe kimekauka, mistari myembamba kama chaki.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu, binti. Wewe si wa yule mzee wa sabuni?" Mwenye duka alitabasamu kwa dhati. "Hajambo mzee? Mtu yule alinichekesha wiki nzima."

"Ametobolewa mkono." Binti akaeleza, bila kupandisha sauti, toka mwanzo hadi mwisho: seti inayong'aa, ncha iliyokatika, risiti iliyosomwa mbele ya watu, bibi kwenye kiti cha plastiki, saa sita mchana. Alipofika kwenye risiti, tabasamu la mwenye duka lilikuwa limeshaondoka.

"Risiti hiyo uliandika wewe," binti akasema. "Sikuulizi kwa nini. Bwana Risiti alikwambia andika ile, ukampa hii, mkagawana kilichozidi au hamkugawana, hayo ni yenu. Mimi nataka mstari mmoja. Kwamba seti ya ncha nyeusi haijatoka kwenye duka hili."

"Mwanangu." Mwenye duka akashusha sauti ingawa duka lilikuwa tupu. "Kampuni yenu inanunua hapa kila mwezi. Mabomba, rangi, misumari, vyote. Anayekuja ni yule yule. Nina watoto na mimi."

"Najua. Na mimi ni mtoto wa mtu."

Akaitandaza karatasi juu ya kaunta, akaikandamiza pembe zisijikunje. "Ziteremshe. Zilaze hapa juu, uone kama kuna hata moja itakayozidi mstari. Ndizo alizopima. Namba ishirini bado ina sabuni ya baba yangu."

Mtu mmoja aliingia, mwenye ovaroli, akasimama nyuma yake na kusubiri. Mwenye duka alipanda kigoda. Akafungua kabati kwa ufunguo. Aliuchomoa mpini wa namba ishirini, akaupeleka kwenye mwanga wa mlangoni, akauzungusha. Kisha akachukua kitambaa kilichokuwa begani kwake, akakitemea mate kidogo, akapitisha kwenye mifereji, mmoja baada ya mwingine, polepole, kama mtu anayefuta vumbi la kawaida. Akaurudisha mahali pake. Akafunga kwa ufunguo.

Binti hakupiga kelele. Aliigeuza karatasi upande usio na michoro, akaisukuma mbele yake, akaweka kalamu juu. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa mbili na nusu.

"Mstari mmoja tu, baba," akasema. "Niandikie haikuuzwa. Si lazima uandike kingine."

Mwenye duka aliitazama ile karatasi. Aliitazama kwa muda wa kutosha kuandika mistari mitatu. Kisha akainua macho, yakampita binti juu ya bega, yakamtafuta mwenye ovaroli.

"Ndiyo, kaka," akasema. "Wewe nikupe nini?"